Sahihi Iliyonyooka

Miezi saba tuliomba kusajiliwa na Bima.
Walitaka leseni, tukapeleka.
Wakataka ramani ya jengo: vyumba viwili
nyuma ya duka la mbao, hapa Isevya.
Niliichora mwenyewe kwa rula ya mwanangu.
Wakaja kupima mlango wa choo.
Wakauliza, mashine ziko wapi?
Tabibu Kapalata akanyoosha mikono yake miwili,
viganja juu,
kama mtu anayesubiri kumiminiwa maji ya kunawa.
Mkaguzi akaandika: "Vifaa: vichache."

Tukasajiliwa hivyo hivyo.
Mgonjwa wa kwanza mwenye kadi alikuwa Lusangija,
mpakiaji wa marobota ya tumbaku,
aliyeingia akiitazama sakafu
kwa kuwa hakuwa na namna ya kutazama kingine.
"Mwangaluka," alikisalimia kiatu changu.

Kazi yangu mimi ni madai.
Kapalata akishika mgongo, mimi nashika karatasi.
Nilipekua kitabu cha bei mpaka jalada la mwisho:
kuna kung'oa jino, kuna kufunga mfupa uliovunjika,
kuna kutoa mdudu aliyeingia sikioni.
Kumnyoosha mtu kwa mikono hakumo.
Nikaazima namba ya jirani, "mazoezi ya viungo",
kama mtu apokeaye barua
kwa sanduku la posta la shemeji.

Nyuma ya pazia nilisikia
ko.
Kimya.
Ko-ko.
Kisha mwanamume mzima akicheka peke yake.
Alikuja mara sita. Mara ya sita aliuliza
ile saa ya ukutani tumeiweka lini.

Dai likaenda. Dai likarudi.
"Limekataliwa. Sahihi ya mwanachama
hailingani na ya kwenye kadi."

Nikaziweka karatasi mbili dirishani,
moja juu ya nyingine, nuru ipite.
Kweli.
Ya kadi aliitia akiwa amejikunja:
herufi zimelaliana, ile L imeinama
kama inayotafuta sarafu vumbini.
Ya sasa imesimama. L ndefu, mabega nyuma,
inaona mpaka mwisho wa ukurasa.

Nikapiga simu ofisi ya kanda.
"Dada, sisi tunalinganisha tu."
Nikasema, amepona.
"Hilo lina sehemu yake kwenye fomu?"
Halina.

Jumamosi akaja na chupa ya asali ya Sikonge
(daftari langu halina safu ya asali,
niliiweka chini ya meza).
Nikamweleza. Akakuna kidevu. Akaomba kalamu.
"Geuka kidogo, mama."
Sikugeuka sana.
Nilimwona akijikusanya:
bega la kushoto likashuka, shingo ikazama,
robota juu ya robota
yakarudi yalipozoea kukaa,
hata akafika kule alikotoka,
na huko, upesi, akasaini.
Lakini hakuinuka.
Kalamu imekwisha kazi, naye bado yuko chini,
anapumua kwa mdomo.
Kapalata akatoka nyuma ya pazia,
akaweka kiganja kimoja kiunoni pake. Hakusukuma.
Alikiacha tu pale
mpaka mtu akarudi.

Hiyo ya saba sikuidai.

Wiki jana wamelipa: mara nne kati ya sita,
makato hayana maelezo.
Naandika rufaa. Nimekaa tangu saa mbili asubuhi,
treni ya Kigoma imeshapita,
na hapa, chini ya shingo, kuna kitu
kinanivuta kuelekea mezani.
Kadi yangu mimi haijatoka.
Nimeulizia: mwajiri ajaze kwanza fomu.
Fomu za mwajiri
najaza mimi.