Baiti Nane

Saa tano usiku, Kirumba, chumba cha juu ya duka la nyavu.
Feni inazungusha harufu ya dagaa hata huku.
Chini mwalo umelala jicho moja wazi:
kuna anayekohoa,
kuna anayehesabu kreti kwa Kikerewe.

Kazi yenyewe ni ndogo, ushirika walisema.
Programu mbili ndani ya kompyuta moja:
moja inasoma mizani, ya pili inaandika daftari.
Kati yao foleni ya ujumbe.
Huyu anatia huku, yule anatoa kule,
hawajawahi kuonana uso.

Leo mchana daftari lilimwandikia Bi Nyabise
kreti ya kwanza: kilo milioni mia tatu na ushee.
Ya pili: kilo thelathini na mbili elfu, mia saba sitini na nne.
Kumi zilizobaki: sifuri, sifuri, sifuri,
mpaka chini ya ukurasa.
Alicheka hadi akakaa juu ya gunia.
"Nkwimba, mwanangu, hilo ni ziwa zima. Basi nilipe."
Halafu akaacha kucheka.
Lori la Shinyanga lilikuwa limeshawasha injini.

Nimeufungua msimbo, nausoma kama barua ya deni.
Safu ipo. Kreti kumi na mbili, namba kumi na mbili,
kila namba baiti nne.
Arobaini na nane, hata mtoto wa darasa la tatu anajua.
Naiuliza mashine: ulipeleka baiti ngapi?

Nane.

Nane ni upana wa kielekezi.
Kumbe sikupeleka dagaa.
Nilipeleka kidole kinachoonyesha dagaa walipo,
na daftari, lisilojua vidole,
likakikata vipande viwili
likavitupa mizanini.

Simu inatetemeka. Majula, kaka yangu, yuko Nansio:
*Hati za kiwanja ziko palepale, chini ya kitanda.*
Kitanda kipi, Majula?
Kwako kipo, kwangu kipo.
Nyumba namba saba ipo Nyakato, na Nansio ipo,
kabishe hodi uone atakayefungua.

Ndivyo ilivyo humu ndani.
Kila programu na mji wake, mitaa yake, namba zake za milango.
Anwani ya mji mmoja ukiibeba hadi wa pili
haikosei njia;
inafika, inagonga,
na ndani hamna mtu wako.

Nafuta kinyota kimoja. Kinyota tu, kijidoa cha nzi,
naandika mabano ya mraba na kumi na mbili ndani yake.
Sasa safu inalala ndani ya ujumbe wenyewe, mwili na magamba.
Juu kabisa aina ya ujumbe, namba isiyoshuka chini ya moja.
Kisha idadi ya kreti, maana si kila siku zinatimia.
Kisha uzito, mmoja mmoja.

Na ukubwa? Hapa nusura nianguke tena.
Ile aina ya juu haihesabiwi.
Lugembe wa mizani angenicheka:
yeye kila alfajiri huweka kreti tupu kwanza,
hutoa uzito wake, ndipo hupima mali.
Baiti nne za idadi, arobaini na nane za safu.
Hamsini na mbili. Nimezihesabu kwa vidole, mara mbili.

Itafika siku ya kreti elfu tatu, foleni itagoma,
itabidi tutafute ghala la pamoja
na mlinzi wa mlango wake.
Siyo usiku huu.

Naendesha.
Thelathini na moja. Ishirini na tisa. Thelathini.
Thelathini na moja na mbili zinazofanana.
Namba za kawaida kabisa, zenye mchanga ndani yake.

Namjibu Majula: *Usinielekeze. Zilete.*

Halafu nakaa na orodha ya Bi Nyabise mkononi,
sahihi sasa hadi kilo ya mwisho,
na lori liko Shinyanga tangu magharibi.