Udongo Usiokubali Kuwa Chungu

Bibi yangu Rozália aliuomba moto uukaze udongo.
Mimi nalipwa mshahara niuombe usiukaze.
Mji ni uleule, Vásárhely,
mtaa uleule wa wafinyanzi,
ila tanuri langu ni la chuma, kimo cha friji,
na ndani yake mikebe minne inajiviringisha usiku kucha,
kru, kru, kru,
nyuzi mia mbili na thelathini,
saa kumi na sita,
kama mgonjwa wa homa aliyekosa ubavu wa kulalia.

Upande wa Makó, chini ya mashamba ya vitunguu,
chini ya mita elfu sita za giza,
keke inautafuna mwamba.
Tope letu hushuka ndani ya bomba, huipoza,
hupanda na vumbi la mawe mgongoni,
na kwa uzito wake huikalia gesi kifuani.
Kazi ya hamali, basi.
Hamali anayeoga motoni.

Februari pampu zilisimama saa tisa.
Tope likalala.
Kule chini, tope likilala limekufa:
wanga uliungua, uzito ukazama,
kilichobaki kikaling'ata bomba, hakikuachia.
Zsombor alinipigia simu alfajiri, hakusalimu.
"Ilka, umetumwagia zege."

Udongo uwahi ungali maji.
Sawa. Nani atauwahi huko?

Daftari langu linasema:
la kumi na saba, linanuka sukari iliyoungua.
La ishirini na sita, maji juu, mchanga chini,
mke na mume walionuniana.
La ishirini na nane, jiwe.
La thelathini niliandika "hapana" tu, nikaenda kulala garini.
La thelathini na tatu lilikuwa zuri, zuri kabisa,
hadi tulipolionjesha chumvi.

Bibi alikuja na maandazi ya jibini kwenye kitambaa.
Akazitazama chupa zangu, mizani, unga wa kila rangi.
"Miaka saba ya chuo kikuu," akasema,
"kujifunza kuharibu mtungi?"
Akaliokota la ishirini na nane,
akaligonga kwa ukucha, akatega sikio.
"Hili limeiva."
Akalitia mkobani.

Leo, la arobaini na moja.
Nafungua kifuniko kwa koleo, mvuke unanipiga miwani.
Nainamisha mkebe.
Linasita.
Nami nasita nalo, mkono ukitetemeka kidogo,
kisha linakuja, jeusi, zito, bila haraka,
asali ya majira ya baridi,
na ukingoni halikuacha hata gamba.

Sikupiga kelele. Sikumpigia Zsombor.
Nimelirudisha tanurini, saa thelathini na mbili nyingine,
kwani gesi haisomi daftari la mtu.

Kru, kru, kru.

Dirishani kwa Bibi, la ishirini na nane
limetiwa maji na matawi mawili ya mlilaki.
Nimepitisha kidole chini yake.
Halivuji.