Sukari

Nina miaka arobaini na mitatu.
Nimezika mama, nimezika mume,
naijua bei ya mbaazi Kongowea na ya kiwanja Mikindani,
lakini kila Jumanne, saa nne kasorobo,
kituoni kwetu nyuma ya Makupa,
chai yaja na sukari ndani.
Vijiko vitatu. Vimekorogwa tayari.

"Watoto wetu wapenda tamu," asema Bi Zulekha,
akinipangusa mdomo mkavu.

Mgonjwa haulizwi uji. Haya.
Mimi siumwi.
Miguu yangu ndivyo ilivyo: haiendi, basi.

Kiti changu cha magurudumu kina breki mbili.
Nikizifunga, nina sababu.
Huja mtu kwa nyuma, tak, tak, akazifungua,
nami huondoka kama meza
inayosogezwa watu wafagie.

Karatasi za ruhusa hutiwa saini na Athmani,
mtoto wa dada yangu, miaka kumi na tisa.
Nilimfulia nepi huyo.
Sasa ndiye anikubaliaye
nipelekwe ufuoni, nipimwe, nipigwe picha
nikicheka.
Wafadhili wazipenda za kucheka.

Kando yangu hukaa Kazungu wa Ribe,
fundi saa, kabla ya kiharusi.
Hasemi. Kiganja wazi ni ndiyo, ngumi ni la.
Ila vidole vyake vyaenda kama mshale mfupi wa saa,
na ni nani hukaa kuutazama mshale mfupi ukienda?
Kimya cha mwari ni radhi, ndivyo tulivyofunzwa.
Basi Kazungu, na ndevu zake,
amekuwa mwari miaka sita.

Akaja Mwashuma, kijana wa kazi mpya,
shati lake lingali na mikunjo ya dukani.
Akachutama na karatasi mbele ya Kazungu,
akaisoma yote, hata zile herufi za chini
ndogo kama mayai ya chawa.
"Wataka kupigwa picha?"
Kisha akanyamaza.

Bi Zulekha akakohoa.
Mpiga picha akalitazama jua.
Mwadhini wa adhuhuri akaanza, akamaliza.
Kidole.
Kidole.
Kidole.
Cha mwisho.
Gumba likaja juu yao, kama komeo.

La.

Picha ikapigwa bila yeye.
Mna pengo pale, upana wa kiti kimoja,
na kando ya pengo nimo mimi.
Mimi nilisema ndiyo,
lakini sicheki.
Sikucheka.

Hapakuwa na vigelegele.
Bi Zulekha alisema twawachosha wageni.
Na huyo Mwashuma wetu, juma la pili,
alinisukuma hadi kivulini pasi na kuniuliza.
Nikamwambia. Akaona haya.
Nikamwambia: haya, sasa nirudishe juani.

Athmani alipokuja na karatasi ya mwezi huu
nilimwomba kalamu tu.
Saini yangu ni nyayo za kaa mchangani,
yapanda, yashuka, yatoka nje ya mstari.
Bi Zulekha aliigeuza huku na huku.
Akaipokea.

Jumanne hii chai imekuja nyeusi,
sukari kando, kwenye kibakuli.
Nimeigombania chai hiyo miaka kumi.
Nikaonja.
Chungu, wallahi.
Nikatia kijiko kimoja.

Jumanne ijayo huenda nisitie.
Niulizeni.