Hatua Mia

Nilirudi Svaneti na cheti cha seminari
na daftari la kurasa arobaini juu ya uongozi wa kundi,
wino wa buluu, mistari chini ya maneno mazito.
Mamao Besarioni alilipima kiganjani kama apimaye jibini,
akaliweka juu ya kabati la mikate,
akanipa sepetu.

Kanisa letu liko juu,
juu ya minara ya mawe, juu ya zizi la mwisho,
mahali ambapo hata mbuzi huuliza kwanza.
Mara moja kwa mwaka, katika mwezi wa pili,
theluji ikiwa kiunoni, tunapanda na mienge
kumwombea kila aliyezaliwa na kila aliyezikwa.
Njia hakuna. Njia ni kifua cha mtu wa kwanza.

"Tangulia," akasema.
Nikatangulia. Nani asiyependa kutangulia?
Nyuma yangu watu sitini na wawili:
Tsiala mjane, mishumaa ndani ya soksi ya marehemu,
Jokola ambaye mguu wake mmoja ni mfupi,
Nanuli na tumbo lake la miezi saba.
Nami mbele, kanzu ikipepea, sepetu begani,
nikijiona nabii.

Hatua ya ishirini nilikuwa bado nabii.
Ya sitini, punda.
Ya tisini nilikuwa pumzi tu,
pumzi yenye magoti.
Nikasikia mtu akianguka nyuma yangu, tena akianguka,
nikadhani ni uvivu wa imani.

Mamao akanishika mkanda.
"Geuka, uzitazame nyayo zako."
Zilikuwa nzuri, ndefu, nyayo za kijana anayepaa.
Kati ya mmoja na wa pili Tsiala alikuwa amezama hadi kwapani,
soksi ya mishumaa ameiinua juu ya kichwa
kama askari anayejisalimisha.
"Umefika mbali," mzee akasema. "Umefika na nani?"

Akapita mbele, na miaka yake sabini na minne.
Hatua fupi, fupi kama za mjamzito,
kisigino kikikanyaga mara mbili ili theluji ishikane.
Alihesabu kwa sauti. Ya mia akatoka kando,
akazama peke yake palipo laini,
akasimama, kofia mkononi,
akawaacha wote wapite, akimtaja kila mmoja kwa jina.
Hata aliye tumboni mwa Nanuli, asiye na jina bado,
alimwambia, "Na wewe pia."
Kisha akashika mkia.

Mbele akaingia Jokola.
Niliona aibu kwa niaba yake.
Lakini hatua zake zilimtosha kila mtu.

Mlango ulikuwa umefukiwa;
ndipo sepetu ilipoijua kazi yake.
Nilisoma Neno huku taya zikigongana,
nikaruka mstari, hakuna aliyenilaumu.
Nilitarajia huko juu nimwone Mungu karibu zaidi.
Nilichoona ni paa zetu, ndogo, zikifuka moshi,
na mfereji mmoja mwembamba kutoka huko hadi miguuni petu,
na sikuweza kusema kipande kipi kilikuwa changu.

Mamao tulimzika Mei, udongo ulipolainika.
Daftari panya wamelianza kwenye pembe.

Mwaka huu nilidhamiria mia.
Themanini na saba, miguu ikagoma; nikatoka kando mapema,
theluji ikiniingia shingoni,
nikaanza kuwataja wakipita.
Jina moja likanitoroka.
Mtoto wa Nanuli, wa miaka sita, mwenge mkononi,
alisimama mbele yangu, akanikodolea macho,
na msafara mzima ukasimama nyuma yake kwenye baridi,
wala hakusogea
mpaka nilipolikumbuka.