Hatua Tatu Nyuma

Bomba la shaba nililinunua Shimanzi
kwa Mbarak, auzaye vyuma vya meli kwa kilo.
Lilikuwa limepitisha mafuta maisha yake yote.
Kalume akalikereza hadi likang'aa,
akalipuliza vumbi, akauliza:
"Kitu gani hiki, mtungi au kikombe?"
Nikamwonyesha picha iliyopauka:
chumba cha kurekodia, orofa ya pili, Bondeni,
mwaka ambao mimi sijazaliwa,
na katikati, juu ya mguu wa chuma,
maikrofoni nene kama chupa ya sharubati.

Ile yenyewe iliuzwa.
Wako wasemao ilikwenda Dubai,
wako wasemao imo kabatini mwa mtu, Nyali,
imevishwa soksi.
Sikuitafuta.

Miezi saba, kila baada ya isha,
dukani kwangu Mwembe Tayari,
kati ya redio za watu na pasi zisizorudiwa,
nikalehemu.
Valvu ilikuja kwa posta,
imeviringwa gazeti la lugha nisiyoijua:
kijichupa cha kioo, ndani nyumba ya waya,
na hewa imefungiwa nje.
Utando wa dhahabu ulikuja baadaye, peke yake,
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Niliufungua nimeziba pumzi,
maana Mombasa hii hata pumzi ina chumvi.
Nikauweka koponi pamoja na punje za mchele,
kama mama afanyavyo chumvi yake
isigande.

Usiku wa kuiwasha
nilingoja valvu ipate moto.
Ikawa nyekundu kidogo, rangi ya kaa la mwisho chetezoni.
Nikavaa vya masikioni.
Mvumo.
Nyuki mtungini, mtungi kichwani mwangu.
Nikabadili kapasita. Mvumo.
Nikabadili transfoma, ile ya pesa ya karo. Mvumo.
Siku ya kumi na moja nikaona
waya mmoja wa ardhi sikuulehemu kabisa.
Umelala mahali pake,
wagusa bila kushika,
kama mtu akuitikiaye salamu akitazama simu.
Tone moja la risasi.
Na katika kile kimya kilichofuata
nikamsikia paka wa jirani akishuka ngazi.

Kesho yake nikamleta shangazi Mwanakombo.
Ndiye yule wa ukingoni mwa picha,
nusu ya uso wake imekatwa.
Miaka kumi na minne aliitikia.
Mwimbaji mbele, yeye na wenziwe nyuma,
hatua tatu, fundi kachora mstari kwa chaki:
"Hapo hapo, bibi. Usivuke.
Sauti yako yaila ya mwenzako."

Akaizunguka kazi yangu. Akaugusa wavu kwa ukucha.
"Ndiyo hii?"
"Siyo. Imeifanana tu."
"Ile ilikuwa ikinuka tumbaku," akasema,
"hii yanuka duka."

Nikaisimamisha mbele yake.
Akarudi nyuma. Moja, mbili, tatu.
Nikamsogezea. Akarudi.
Nikasogeza tena, waya ukikokota sakafuni,
yeye akirudi, mkono kaushika mtandio,
hadi mgongo wake ukagonga friji mbovu ya mteja.
Tukacheka, friji nayo ikatikisika.

Kisha akanyamaza.
Mshale wa mita ukainuka, ukalala, ukainuka,
naye hajatamka neno.
Ni pumzi tu ya mama wa miaka sabini na moja
aliyepanda ngazi za Mwembe Tayari kwa ajili yangu,
na ndani yake mlikuwa na filimbi ndogo, upande wa kushoto,
ambayo sikuwahi kuisikia tukikaa naye chakulani.

Akakohoa. Akaweka mtandio sawa
kana kwamba mita ina macho.
"Haya," akasema. "Aanza nani?"

Sikumjibu.
Kanda ilikuwa yazunguka.