Kura ya Katibu

Tunashika mkia. Mechi kumi na tisa, pointi kumi na moja,
na mkurugenzi wa soka aliyetusajilia mabeki watatu wa kushoto
kaondoka Jumapili bila kurudisha funguo.

Ndiyo maana tumeketi saa nne za usiku, mwezi Julai,
baridi ya mto Uruguay ikipenya chini ya mlango
wa klabu ya Atlético Gramilla:
wajumbe wanane, jiko moja la gesi,
kibuyu cha chai chungu kikizunguka mkono kwa mkono,
na mimi, Odila Bentancor, katibu. Naandika.

Wa kwanza kuingia ni Etchegoyen. Hahitaji kujieleza.
Mwaka ule alifunga kwa kichwa, damu ikimtoka puani,
na kiwanda cha nyama kikapiga honi hadi alfajiri.
Kiwanda sasa ni njiwa na kutu.
Etchegoyen ni tumbo na kumbukumbu.
Anasema klabu ni familia. Anasema damu. Anasema jezi.
Mwenyekiti anafuta macho kwa skafu.
Nimeandika: mgombea alieleza mapenzi yake kwa klabu.

Akafuata kijana wa Montevideo, kompyuta kaikumbatia kama kichanga,
akatuita "mradi" mara kumi na nne.
Nilihesabu.

Wa mwisho, Nibia Sarasola, aliingia na matope viatuni:
alipitia uwanjani kwanza, gizani, kwa tochi ya simu.
Hakuketi.
"Mtaro wa kaskazini umeziba," alisema.
"Mnalipa wachezaji thelathini na wawili;
kumi na wanne hawajagusa nyasi tangu Machi.
Ikifika Oktoba hamtamlipa hata fundi wa taa.
Mna kitu kimoja tu cha kuuza, nacho kina miaka kumi na minane.
Yule winga. Muuzeni mwezi huu,
kabla goti lake halijaijua bei yake."

Kalamu ikasimama.

Yule winga ni Nahuel. Nahuel ni mtoto wa marehemu mdogo wangu.
Analala kwangu, anakula kwangu,
soksi zake sasa hivi zinakauka
juu ya kiti changu cha jikoni.
Watu wanatoa kiingilio wamwone yeye tu,
awapige chenga wawili, aanguke, ainuke akicheka,
halafu tufungwe mbili bila.

Kura zikatumbukizwa kofiani.
Etchegoyen nne. Sarasola nne. Mradi, sifuri.
Mwenyekiti akafunua katiba ya waasisi, kurasa zimeliwa pembeni,
kifungu cha tisa: kura zikilingana, katibu ataamua.
Hakuna aliyewahi kukisoma.
Ukatibu kwetu ilikuwa kazi ya kuchemsha maji.

Wote wakanigeukia, na walijua soksi za nani ziko kwangu.
Etchegoyen angembakiza. Angemkumbatia mbele ya jukwaa,
angemchezesha kila Jumamosi kwenye dimbwi lile,
na mimi ningeendelea kupika kwa ajili ya watu wawili.

Kibuyu kikanifikia. Nikanywa, nikakirudisha.

Nimeandika: tano kwa nne. Amechaguliwa Nibia Sarasola.
Mwandiko haukutetemeka. Someni wenyewe, daftari liko kabatini.

Nilimkuta getini, peke yake, kola imesimama.
Hakunishukuru; hakujua mimi ni nani.
Aliuliza: "Koleo mnaweka wapi?"

Nyumbani Nahuel alikuwa macho,
anakula mkate mkavu amesimama, kama kawaida yake.
"Kapita nani, mama mkubwa?"
"Mwanamke mmoja," nikasema. "Anajua mitaro."
Akacheka. Akaniuliza kama anajua na mpira.

Nikazigeuza soksi zake upande wa pili.
Zilikuwa bado mbichi
vidoleni.