Fedha ya Papa, Fedha ya Yuda

Kijijini kwa bibi, Walsbeke, barabara ndiyo mpaka wa lugha:
upande huu mkate una jina moja,
ukivuka na kikapu, una jina jingine,
na mwokaji ni yuleyule, Hektor, mwenye unga masikioni.

Nyuma ya nyumba, ukutani, pale jua linapochelewa kuondoka,
liliota ua lisilopandwa na mtu.
Mwaka wa kwanza majani tu, mapana, yenye vinyweleo,
kama mgeni asiyetaka kusema katoka wapi.
Mwaka wa pili, zambarau,
kisha maganda: bapa, ya mviringo,
membamba hata uone mbegu ndani
kama vifungo vilivyosahauliwa mfukoni.

Bibi Godelieve aliyaita sarafu za Yuda.
Babu Firmin, mzaliwa wa ng'ambo ya barabara,
aliyaita fedha ya Papa.
Miaka arubaini na mmoja, meza moja,
na hakuna aliyekubali la mwenzake.
"Papa wako ana madeni," bibi husema.
"Yuda wako alirudisha," babu hujibu.

Mke wa mjomba, Winifred, alikuja kwa meli kutoka Uingereza,
akasema kwao ua hili huitwa uaminifu.
Bibi alicheka mpaka akashika kiuno.
Babu hakucheka.
Nilikuwa na miaka saba, chini ya meza,
nikaona miguu yake ikitafuta viatu.

Wiki ile ile wakili alileta karatasi:
shamba la bitiruti, urithi wa bibi kwa mama yake,
limeuzwa tangu Pasaka,
na chini, sahihi ya bibi,
nzuri kuliko anavyoandika mwenyewe.

Hakupiga kelele. Alikwenda bustanini,
akakata shada zima, akaketi mbele ya mumewe,
akaanza kumenya:
kidole gumba na cha shahada, sugua kidogo tu,
ngozi mbili zinabanduka, mbegu zinadondoka sahanini,
katikati unabaki utando
unaong'aa, usio na uzito.
Moja. Mbili. Alihesabu kwa Kifaransa,
lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia.
Alipofika thelathini akaacha.
Maganda yalikuwa bado mengi.
"Haya," akasema. "Rudisha."

Alirudisha, miaka tisa, zamu za usiku kiwandani,
noti kwenye kopo la kahawa.
Shamba halikurudi.

Tulimzika Januari. Bustanini hapakuwa na kitu kilicho hai.
Bibi alitoa tawi moja juu ya kabati, akaliweka kwenye jeneza.
Kasisi mgeni akauliza, kwa adabu, linaitwaje.
Barabara nzima ilikuwepo, pande zote mbili,
imetega sikio.

Bibi alipuliza vumbi.
"Muulizeni huyu," akasema, akanisukuma mbele.
Nikaona haya, lakini ndilo jina nililolijua tangu chini ya meza:
madirisha ya panya.

Kasisi akaandika.